Mbeleko ya Mama

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia kona moja ikiwa imetafunwa, nami namshukuru aliyeitafuna kwa kuyaacha maneno. Nimefurahi kusikia kwamba wewe na shemeji hamjambo, na kwamba tumbo limeingia mwezi wa saba. Sisi huku chini ya kinu cha unga tu wazima. Kifua cha bibi yetu kimetulia, na mkia wangu uliobanwa na mlango mwaka jana umepona, ila umepinda kidogo. Najua kuna kitu umeniomba. Nitakujibu, lakini niruhusu nizunguke mbuyu kwanza, maana habari zimefuatana na kila moja imeshika ya mbele yake.

Wenye kinu waliamua kututoa. Jumatatu asubuhi nguchiro arobaini walijipanga kwenye ngazi ya juu, wamebeba marungu na nyavu, na kapteni wao akasoma tangazo kwamba tuna hadi Alhamisi adhuhuri kuhama, la sivyo watashuka. Unakijua chumba cha chini kabisa. Kuna wazee wasioweza kupanda hata ngazi tatu, na wiki ile kulikuwa na vichanga kumi na tisa. Wanasema mwenye nguvu mpishe, lakini sisi panya hatukuwa na pa kupishia.

Mkuu wetu wa karakana, yule mama tuliyekuwa tukimwita Meno, alitukusanya mafundi wote akasema kila mwenye wazo alitoe, hata la kipumbavu. Hapo hatukumwangusha. Tulipaka sabuni ngazi ya chini, na wa kwanza kuteleza akawa Meno mwenyewe, vidato kumi na viwili, na alipofika chini akasema silaha inafanya kazi. Tukajaza pilipili kwenye mvukuto, upepo ukageuka, tukapiga chafya mpaka chakula cha mchana. Tukafunga springi za magodoro ili zirushe magunia ya pumba. Nguchiro waliyadaka yote, wakauliza kama yamebaki mengine.

Wewe uliondoka kabla sijaapishwa karakanani, kwa hiyo pengine huijui sheria yetu moja. Silaha haitumiki mpaka fundi aliyeitengeneza aionje mwenyewe, mbele ya wenzake, kwa nguvu ileile atakayompiga nayo adui. Ndiyo maana Meno hana kidole cha mwisho cha kushoto. Naiona ni sheria ya busara, kwani inatuzuia kumtupia mwingine tusichokijua.

Jumanne alasiri nilikuwa nikichungulia kwenye ufa chini ya ngazi. Kapteni alikaa kufunga kamba za viatu. Alifanya fundo la masikio mawili, kisha akachomeka ncha zote mbili ndani, akapigapiga juu yake mara mbili kwa kiganja. Dada, unajua nani alikuwa akifunga viatu namna hiyo. Nikawatazama wengine miguuni, na wote walikuwa na fundo lilelile. Miaka kumi na minane mama alipanda ghorofani kila alfajiri kuwalea watoto wa nguchiro, na sisi tukabaki na uji uliopoa na mgongo uliochoka. Nilikuwa nimesahau kwamba watoto wale nao wangekua.

Nikarudi chumbani, nikafungua sanduku lililo chini ya kitanda, nikatoa kitu humo. Nilikichemsha usiku na mchana kwenye sufuria iliyofunikwa, mvuke wake nikaupitisha kwenye bomba la shaba, na Alhamisi asubuhi nikawa na chupa moja yenye ukubwa wa kidole gumba. Meno aliniuliza kama nimeionja. Mbele ya karakana nzima nikavuta pumzi tatu mdomoni mwa chupa.

Adhuhuri walishuka kweli. Tukamimina chupa kwenye mvukuto tukapuliza. Walifika kidato cha sita cha ngazi wakasimama. Kapteni aliweka rungu lake chini polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. Mmoja mnene, mwenye kovu usoni, alikaa akatia kidole gumba mdomoni, na hakuna mwenzake aliyemcheka. Walikaa pale karibu saa nzima machozi yakiwatoka, kisha mmoja mmoja wakapanda juu, wakavua mikanda yao wakaenda makwao. Wenye kinu hawakupata wengine wa kuwatuma. Wiki iliyofuata tangazo likafutwa.

Watu hapa wananibeba juujuu. Mimi niliwaonea wivu wale nguchiro, nakuambia ukweli. Nilitazama watu wazima arobaini wakimlilia mama yangu, nikajiambia kwamba wamempata tena.

Sasa nijibu ulichoniomba. Uliandika nikutumie mbeleko ya mama umbebee mwanao, kwa kuwa mama alikuachia wewe, na mimi nilikuwa mtunzaji tu. Dada, mbeleko ndiyo niliyoichemsha. Baada ya maji ya tatu ilibaki nyuzi, nazo zilikatika nilipozikamua. Sikukuuliza kwa sababu barua huchukua siku tisa na sisi tulikuwa na mbili. Hata kama ningekuwa na tisa, sijui kama ningekuuliza. Maji yakimwagika hayazoleki, na msamaha siudai, naomba tu ukiweza.

Lipo la pili. Pumzi ya kwanza niliyovuta, nilikuwa mgongoni mwa mama na kulikuwa na joto. Ya pili nikaisikia harufu yake kwa karibu mno, kichwa kikauma. Ya tatu sikusikia chochote, na tangu siku ile pua yangu imezima. Mganga anasema haitarudi. Siku hizi bibi akiingia chumbani hunigusa bega, la sivyo sijui kama ni yeye, maana katika giza la huku tunatambuana kwa pua.

Jumamosi kapteni alirudi peke yake, bila rungu, akauliza yaya wake anaishi wapi. Nikamwambia alifariki miaka minne iliyopita. Akauliza kama kipo kitambaa chochote chake. Nikamwambia hakipo. Basi nami nikamwomba aniambie mama alinukiaje, kwa kuwa nilianza kumpoteza. Akasema ni unga mkavu, sabuni ya kufulia, na maziwa yaliyokaribia kuungua. Nimekuandikia hapa kama alivyosema. Ndicho nilichobaki nacho cha kukutumia, pamoja na mbeleko mpya iliyomo kwenye kifurushi hiki. Niliishona kwa mkono. Wanasema hainukii kitu bado.

Nisalimie shemeji na majirani wako. Bibi anakusalimu, Meno pia. Ukija na mtoto, nakuomba usisimame mlangoni ukingoja nikutambue kama zamani. Gonga, useme ni wewe. Nimesugua shavu hapa chini ya karatasi kama desturi, ila sina njia ya kujua kama harufu imeshika. Inuse, kisha uniandikie.

Mdogo wako,
Kishungi