Chai ya wakwe wa Silvana

Stumai, acha hayo maharage kwanza, unisome.

Unaijua ile glaisini ya dada Silvana, unga mweupe mtamu anaokunywa apate usingizi, homoni zitulie na nywele zijae. Anauficha kwenye kopo la sukari, mama asije akasema anakula madawa.

Leo wamekuja wakwe kutoka Laela kupanga mahari. Mama akaingia jikoni akachota humohumo. Humohumo, Stumai. Chai ya watu wote.

Silvana alipoonja tu akajua. Lakini angesema nini mbele ya wakwe?

Mzee Shija, baba mkubwa wa mchumba wake, amefika na maneno makali, ng'ombe tunaotaka ni wengi mno, apunguziwe. Katikati ya maneno akalala. Kwenye kiti, anakoroma. Wazee wanatazamana. Silvana akajua ndoa imekwisha.

Mzee akaamka, akajifuta mdomo. "Tangu tuvune sijalala hivi. Chai ile imebaki?"

Baba akasema, "Ipo, mkwe, ila tulikuwa kwenye ng'ombe."

"Ng'ombe mtapata wote. Leteni chai."

Silvana yuko jikoni, anakung'uta kopo.