Collège ya Alliance

Chimène, uko? Usinipigie kwanza. Niko mu gari mbele ya shule, ninaona haya hata kutoka.

Jana binti yangu Alliance aliniambia mwalimu wake anataka kumuweka mu college. Unajua kwetu Bukavu collège ni sekondari, na yeye sekondari anakaribia kuimaliza. Donc miye nikajua banamurudisha nyuma mutoto wangu.

Leo nikaingia na hasira. Nikamwambia mwalimu, binti yangu si mujinga, munamuonea juu ni mukimbizi. Alliance mwenyewe ndiye alikuwa anatafsiri.

Mwalimu akanikumbatia. Akanikumbatia, Chimène.

Kumbe college ya huku ni université, chuo kikuu. Alliance amenieleza sasa hivi, hapa mu gari. Bamemuchagua asome masomo ya université akiwa bado sekondari. Akishinda mutihani, akifika kule hatayarudilia tena. Mutoto amepewa heshima, miye nikaenda kutukana.

Nikamuuliza Alliance, sasa ile maneno yangu yote, ulimwambia mwalimu nini?

Akaangalia dirisha.

“Nilimwambia unasema asante, Mama.”