Abatizwe Ndipo Akae Kwetu?

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie upesi, maana nyumbani kwangu hakukaliki. Mimi Mkristo, asili yetu bara, nnakaa Malindi hapa Unguja na mume wangu Danieli, hamali wa bandarini, katika nyumba tuliyopewa baada ya Mapinduzi, na sikufichi, ilikuwa ya Mwarabu mmoja, Bwana Mabrouk, aliyechukuliwa mwaka ule asirudi, na mkewe Bi Shamsi akaachiwa chumba kimoja cha chini na binti yake Mwatum, na badala ya kutuchukia, siku tuliyohamia alitupandishia mtungi wa maji akasema, "Karibuni, msinywe ya kisima, yana chumvi," na nilipojifungua ndiye aliyenikanda.

Sasa Bi Shamsi kalazwa, mapafu, na Mwatum, msichana wa miaka kumi na mitano, nimemchukua juu kwetu, nimemtengea sufuria yake na pahala pa kusalia, lakini mtaani wanasema Danieli anaficha Waarabu, na kazini washamuuliza, naye anashtuka kila mlango ukigongwa. Mzee mmoja wa kanisa akamwambia, "Mbatizeni, mpeni jina la kwetu, nani atamgusa?" Danieli akaja kuniambia, "Ama abatizwe Jumapili, ama arudi chini peke yake."

Mwatum alisikia. Asubuhi akaja jikoni, akaniamkia, akasema, "Bi Berta, nibatizeni basi. Mama msimwambie." Hakulia. Na mimi, Mungu anisamehe, moyo ulifurahi kidogo, nikadhani labda ndiyo njia yake Mungu, kisha nikaenda hospitali na Bi Shamsi akaniuliza, "Mwanangu anasali?" nikamjibu anasali, nisiweze kumtazama. Nikikataa, namnyima mtoto wokovu na ndoa yangu inavunjika. Nikikubali, nitakaaje na mama yake? Nifanye nini?

Berta, Malindi

Berta,

Pole, na mumeo mpe pole, hofu yake si ya uongo. Lakini hofu haijapata kuwa katekista wa kumfundisha mtu dini. Mtoto aliyesema "mama msimwambie" hakuomba ubatizo, ameomba pa kulala. Nawe ulilijua hilo pale pale jikoni, ukafurahi. Msamaria alifunga majeraha ya mtu bila kumuuliza anasali wapi. Ninyi mnakaa nyumba ya baba yake, na bado mnamtoza dini yake apate kona ya kulala. Huo si upendo wa Kristo, dada yangu, na usiuite hivyo.

Leo hii mwambie Mwatum, mbele ya Danieli: hubatizwi, na huondoki. Kisha nendeni wawili kwa mwenyekiti wa tawi la chama, mchana kweupe, mkamwambie kwamba mama yake Mwatum mgonjwa na mtoto yuko kwenu. Anayeficha hapeleki habari. Padri naye aelezwe msichana alivyotishwa, asije akaletewa ambatize bila kujua. Halafu mpeleke msichana kwa mama yake, na Bi Shamsi umweleze yote mwenyewe, umuulize anataka mwanawe akae wapi. Akisema kwa jamaa zake, msindikize mpaka mlangoni kwao. Mwatum akija siku moja akiwa mtu mzima, hana anayemtisha, akakuuliza habari za Kristo, mjibu.

Danieli akikaidi, mwambie maneno yake akayaseme kando ya kitanda cha Bi Shamsi, aliyekukanda wewe. Sidhani kama ataweza.

Jumapili nendeni kanisani na mwanenu. Mwatum abaki nyumbani.