Mandazi Mawili ya Rektor

Barua iliyosomwa Jumamosi asubuhi katika kipindi cha Mama Magdalene, redio ya jumuiya, Stockholm

Mama Magdalene mpendwa, mshauri wetu, nakusalimia kwa jina la Yesu, naomba msaada wako lakini jina langu usilitaje hewani kwa sababu mimi ni mtu wa heshima hapa Rågsved, na shida yenyewe ni ya binti yetu Olive, ana miaka tisa, yuko darasa la tatu, na shule yake inaishia hapo hapo darasa la tatu, kwa hiyo mzazi lazima amwombee nafasi kwingine aanze la nne, na mama yake, Kahindo, akasema tuombe ile shule ya jirani, unavuka tu bustani umefika, na ndiko anakokwenda rafiki yake Daphne, lakini mimi nikasema hapana, sikukimbia vita Kivu nikalala kambini ili mtoto wangu asome nyuma ya duka la pizza, nikachagua shule moja kubwa kule mjini wanakosoma watoto wa madaktari, tukabishana mpaka Kahindo akachoka, akasema haya, peleka maombi unakotaka, ila ya jirani uiweke ya pili.

Basi karatasi za maombi zikaja nyumbani, lakini mama, wewe ni Mwafrika unajua, karatasi ni za yule asiye na watu, mwenye watu anakwenda na watu, kwetu Butembo ukitaka nafasi unakwenda kwa directeur wa shule na kuku mkononi na wazee nyuma yako, nikamchukua mchungaji wetu Révérien na mzee Mwamba ambaye anajua Kiswidi kwa sababu anaendesha basi, tukavaa suti, tukabeba sufuria ya sombe, ndiyo kisamvu chenu, na mandazi, tukapanda treni mpaka mjini, theluji imejaa na viatu vyetu vya ibada vinateleza, tunafika tunaambiwa tuvue viatu mlangoni, na soksi ya mchungaji ilikuwa imetoboka, nikaona haya mimi, akatokea mama mmoja amevaa jinzi na ndara, tukampa sufuria ampelekee rektor, kumbe mkuu wa shule ndiye yeye, lakini hakukasirika, akatukaribisha kahawa, mzee Mwamba akaeleza ukoo wetu wote, mchungaji akaomba na yule mama akafumba macho, halafu akala mandazi, Mama Magdalene, mawili, mbele ya wazee, akasema ni matamu sana, akatupa mkono akashukuru kwa kuja kwetu, sasa nikuulize, mtu akila chako mbele ya wazee si neno limekwisha?

Ndiyo maana karatasi sikuzipeleka popote, na Jumapili nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba Olive amepata, vigelegele vikapigwa, lakini siku ya mwisho ya maombi imeshapita, na mzee Mwamba alipopiga simu kule mjini wakamwambia hawana ombi lolote la mtoto wa jina hilo, na Kahindo anaamini nilipeleka, na Olive kila siku ananiuliza kwa Kiswidi kama atakuwa darasa moja na Daphne, nami namjibu Mungu anajua. Swali langu ni hili, nirudi na ujumbe mkubwa zaidi, maana askofu wetu anakuja kutoka Oslo mwezi ujao, au nimngoje rektor atimize ahadi yake? Na Kahindo nimwambie, au nimwache kwanza?

Ni mimi, Baba Mwenye Wasiwasi.

*

Mama Magdalene anajibu:

Baba Mwenye Wasiwasi, jina lako sijalitaja. Ila wewe mwenyewe umemtaja mtoto, mama wa mtoto, mchungaji, dereva wa basi na soksi ya mchungaji. Kutoka Rågsved mpaka Kista, asiyekujua asubuhi hii ni yule ambaye bado amelala.

Nimecheka, sikufichi. Nilipofika kwenye soksi niliweka barua chini nikanywa maji kwanza. Halafu nikafika kwa Olive, na kicheko kikaniisha.

Tuanze na hayo mandazi. Yule mama aliyala kwa sababu ni matamu. Basi! Mswidi ukimpa chakula anakula, anasema asante, mambo yameisha. Macho alifumba kwa adabu tu. Ahadi hakukupa, na hata angependa kukupa hana, maana nafasi hugawiwa walioomba, na wanaokaa karibu ndio hutangulizwa. Ninyi mlikwenda kuposa shule, baba wee! Shule haina wajomba wa kupokea posa.

Unasema karatasi ni za asiye na watu. Haya, Olive ana watu. Ana mchungaji, ana dereva, ana hata askofu yuko njiani. Asichokuwa nacho ni shule.

Sasa usidhani sikuelewi. Mimi nimetoka Musoma, na kwetu pia mzazi aliyekaa nyumbani kungoja jibu la barua aliona mtoto wa jirani akiingia darasani na wa kwake akibaki kuchunga. Kwenda kumwona mkubwa ndiko kulikuwa kumpigania mtoto. Umeteleza kwenye theluji na viatu vya ngozi kwa ajili ya binti yako, na wapo akina baba hapa mjini hawajui hata mwalimu wa mtoto wao anaitwa nani. Hilo nakupa, tena kwa mikono miwili.

Lakini hiyo shule ya nyuma ya duka la pizza, umewahi kuingia ndani hata siku moja? Umevua viatu pale? Umeidharau kwa kuitazama kutoka dirishani kwako. Mkeo, mwenye akili zake, alikuomba kitu kidogo, uiweke ya pili. Hata hiyo ya pili hukuiweka! Ulitaka ya madaktari ukaikosa, ya jirani ukaiacha, na sasa mtoto wa miaka tisa atapangiwa popote palipobaki kiti kitupu, labda Bredäng huko, abadilishe treni asubuhi gizani na begi mgongoni, na huko hamjui mtu. Mtaka yote hukosa yote, wahenga walishasema, na hawakuwahi hata kufika Sweden.

Na Mungu umemsingizia. Ushuhuda hutolewa kwa kilichotendeka, hautolewi kwa mandazi. Halafu mtoto akikuuliza, unamwambia Mungu anajua. Ndiyo, anajua. Aliyetakiwa kujua ni wewe.

Sasa nisikilize. Zima redio. Mwendee Kahindo, leo hii, kabla jirani hajampigia simu, umwambie: sikupeleka. Usianze na Kivu, usianze na askofu. Sema sikupeleka, kisha unyamaze. Atakasirika, ana haki. Mwache akasirike mpaka amalize, wala usimwite mchungaji kuja kusuluhisha. Kanisani utasimama tena uwaambie ulishuhudia kabla ya kupata. Utaona aibu, ndiyo, na utapona. Askofu akija mpikieni, ale, arudi kwake Oslo kwa amani.

Jumatatu asubuhi na mapema, kabla Olive hajatoka kwenda shule, piga simu ile shule ya jirani. Piga wewe, asipige mzee Mwamba. Kiswidi kikikwama, Kahindo awe kando yako. Sema umechelewa, kosa ni lako, na bado unaomba. Wachelewaji huwekwa nyuma ya waliowahi, lakini hawafukuzwi. Watu huhama, nafasi hufunguka. Kwamba atapata, siwezi kukuapia, na ole wako umwahidi mtoto. Mwambie tu kwamba unajaribu.

Katika barua yako yote watu wazima wamesema juu ya shule ya mtoto huyu, mpaka ukoo mzima ukaelezwa kwa rektor, na hakuna mmoja aliyemuuliza yeye. Kwa hiyo Jumatatu wakikuuliza kwa nini unataka asome pale, usijibu wewe. Mpe Olive simu. Sababu anayo.