Yule Binti wa Runinga Si Mimi, Baba

Kwa baba yangu, huko machimboni Geita,

Shikamoo, baba. Salamu hiyo ni ya heshima. Yanayofuata ni ya hasira, na nayaandika kwa sababu mbele yako huwa naishia kuitikia tu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi hapa Songwa, viatu vimejaa vumbi jekundu, unaniita, "Ng'wanawane, mwanangu, washa runinga"? Nilikaa miguuni pako tukaangalia ule mchezo wa zamani wa familia unaoupenda. Binti wa mle ndani anarudi nyumbani amekuwa wa kwanza darasani. Baba yake anapokea ripoti, haifungui, anauliza, "Na ugali umeiva?" Watu wanacheka ndani ya runinga. Wewe ulicheka mpaka ukafuta machozi.

Nilipokuwa wa kwanza kidato cha pili, nilikuletea ripoti yangu kwa mikono miwili. Ulimkonyeza baba mdogo. "Na ugali umeiva?" Baba mdogo akapiga makofi: "Kaka, umemwiga kabisa!" Mimi nikaenda jikoni kupuliza moto. Nilishukuru kwamba kulikuwa na moshi.

Mchezo ule wanaurudia kila Jumapili, baba, na sasa nauangalia kwa makini. Kaka zake yule binti wanakua: mmoja anakuwa daktari, mwingine anapanda ndege. Yeye anabaki na sinia mkononi. Hata jina hana. Ni "we binti" tu. Nani aliamua kwamba hilo ndilo la kuchekesha? Na kwa nini tunalishwa kichekesho hicho mpaka leo, sisi watoto wa kike tukiwa tumekaa pale pale mkekani?

Wewe ndiye uliyenifundisha kupenda miamba. Ulinichorea mchangani jinsi mkanda wa dhahabu unavyopita katikati ya jiwe. Nilipoomba unipeleke nikauone, ukasema mwanamke akikaribia shimo la wachimbaji, dhahabu inakimbia.

Juzi kwenye simu ukasema kidato cha nne kinatosha. Shangazi wa Buseresere amenipatia mchumba, mfanyabiashara wa mpunga, na ng'ombe wa mahari wameshatajwa. Nikakwambia nataka kusomea jiolojia. Ukacheka kile kicheko chako cha Jumapili. "Msichana wa vitabu vingi wanaume humkimbia!"

Dhahabu inanikimbia, wanaume watanikimbia. Basi wakimbie! Mimi nabaki shuleni.

Mtu mwingine angesema hayo ningefunga mlango, nikaendelea kusoma. Umeyasema wewe, ndiyo maana silali.

Jumamosi shangazi anakuja kunichukua. Nimemwambia mama kwamba shangazi hatanikuta, tuna mazoezi ya maabara. Leo nimeikuta sketi yangu ya shule mama ameipiga pasi, ameitundika mlangoni.

Uwe salama huko chini ya ardhi, baba.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.