Jambo Dogo la Wiki Hii

Ruanda, Mbinga
Jumatatu

Dada yangu Ottilia,

Shikamoo dada. Habari za Ngumbo na joto lenu? Shemeji Bartholomayo hajambo? Na Glorious, bado anakohoa au dawa zimemsaidia? Sisi huku tu wazima, ila baridi inatukomoa. Mama anakusalimu sana. Wale usipa, dagaa wa ziwani, uliotutumia wamefika, na ngoja nikuambie walikoishia. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningelia tu, nawe usingeambulia kitu.

Unajua tangu Steven afariki, Baba Mkubwa Ladislaus hajatia mdomoni chochote cha nyumbani kwetu. Hospitali walisema utumbo ulijisokota. Yeye akashikilia kwamba mwanawe alikula kwetu siku ile ya kuchuma kahawa, akarudi kwake ameshika tumbo. Neno mchawi hakulitamka, lakini kila mtu alilisikia. Siku hizi Mama akifika kisimani, wenzake wanafunika ndoo. Hata kwenye sala za jumuiya ameacha kwenda.

Mimi unanijua, mdomo wangu hauna breki. Nilitaka niende nikamwambie Baba Mkubwa aitishe sengu, ukoo mzima ukae uwanjani kama enzi za babu, kila nyumba na chungu chake, tule pamoja yaishe. Katekista Pankras akanizuia. Aliniuliza ni kitu gani hasa kinachoniuma. Nikamjibu kwamba sitaki mama yangu azikwe na jina baya. Akasema basi hilo ndilo nilishike, na kila Jumapili nichague jambo moja linalotoka humo, dogo kiasi kwamba hata nikiwa na hasira nitaliweza. Nilimwona ananipotezea muda.

Nilianza kwa kumwamkia Baba Mkubwa mlangoni mwa kanisa, aitikie asiitikie. Hakuitikia. Wiki iliyofuata nikarudia, akaguna. Wee! Nilifurahia mguno ule kama niliyepewa ng'ombe. Halafu nikaenda kumsaidia kufyeka majani alipokuwa anaandaa ngolo, yale mashimo ya kulimia shambani kwake mlimani. Tulifanya kazi kutwa bila neno, mimi huku yeye kule, ila jioni aliniambia nisisahau jembe langu.

Hapo nikajiona bingwa. Nikambebea maharage aliyopika Mama. Dada, aliyapokea kwa mikono miwili, akamwita mbwa wake, akammiminia mbele yangu, kisha akakaa kwenye kigoda kumtazama. Alikuwa anasubiri afe! Nami nikaganda palepale mpaka mbwa akamaliza, akajilamba, akalala juani. Nilirudi na hasira zangu, nikamdanganya Mama kwamba yamepokelewa vizuri. Katekista akasema nimerukia kubwa, nirudi kwenye dogo. Nilimtukana moyoni, Mungu anisamehe. Lakini wiki ile nilikwenda tu kumgeuzia kahawa kwenye vichanja, na nyingine hivyohivyo, mpaka siku moja yeye mwenyewe, bila kuniangalia, akasema Jumapili baada ya misa watu waje uwanjani kwa babu.

Basi jana tulikaa. Mama alipika ugali na usipa wako kwa nyanya, akamwaga chumvi kwa wasiwasi. Baba Mkubwa akaja na chungu cha kuku. Vyakula vikawekwa katikati, sala ikasaliwa, na hakuna aliyenyoosha mkono. Niliogopa kwamba watu watainuka waondoke, na Mama atabaki na jina lile mpaka kaburini. Ndipo Mama akasogea hadi kwenye chungu cha Baba Mkubwa, akala. Alitafuna taratibu, wote tunamtazama. Baba Mkubwa naye akavuta sahani ya Mama. Akamega tonge, akalishika kitambo, akatia mdomoni, akameza. Akasema Steven aliwapenda mno usipa, kisha akalia kwa sauti mbele ya watu, na Mama akalia naye.

Ungependa niishie hapo, hata mimi ningependa. Lakini chungu cha kuku kilizunguka kikanifikia, na dada, nilishindwa. Mimi niliyempeleka Mama pale! Niliwaza, je, kama ametulipizia? Nikachukua kipande, nikajifanya natafuna, kumbe nimekificha kwenye pindo la kitenge. Nilipoinua macho, Baba Mkubwa alikuwa ananitazama. Aliinamisha kichwa, akanawa mikono.

Sijamwambia Mama wala katekista, nakuambia wewe. Naona aibu isiyosemeka. Siku zote hizo nilidhani woga ni wa Baba Mkubwa peke yake, nami nilikuwa nao uleule. Sasa yeye amekula chetu mbele ya ukoo mzima, na aliyekikataa chake ni mimi.

Jambo langu la wiki hii nimeshalichagua. Kesho mchana, saa ya kula, nitakwenda kwake bila kualikwa, na asubuhi sitaweka kitu tumboni, ili nifike nikiwa na njaa.

Msalimie shemeji, na umpakate Glorious kwa niaba yangu. Niombee, dada. Barua hii ikikufikia, nitakuwa nimeshakula.

Mdogo wako akupendaye,
Lidia