Uliuliza Kama Kiwanda Bado Kimesimama

Nyumba za Wafanyakazi wa Hospitali,
Mlango wa Sita.
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na macho yanazidi kupata nafuu tangu ulipofanyiwa upasuaji. Najua siku hizi jirani yako ndiye anayekusomea barua. Hii nakuomba uisome mwenyewe. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Hata kama itakuchukua siku tatu, isome peke yako, mlango umeufunga.

Sisi huku hatujambo. Mama kifua kilimsumbua wakati wa baridi, lakini sasa anakwenda sokoni na kurudi bila kupumzika njiani. Mimi niko pale pale, chumba cha kufulia cha hospitali, mwaka wa kumi na tisa huu. Mashuka hayaishi, na wagonjwa hawachoki kuyachafua. Tangu mwaka jana mimi ndiye ninayewasha boila asubuhi, kwa hiyo wenzangu wananiita Mama Mvuke. Jina limenikaa, nimeshazoea.

Katika barua yako ya mwisho uliuliza kama kiwanda cha karatasi bado kimesimama. Uliuliza juu juu tu, katikati ya habari za mvua na maua yako, kama mtu anayeulizia jirani wa zamani. Ningeweza kukujibu kwa neno moja. Ila mwezi uliopita nilikwenda huko kwa miguu yangu, na nimerudi na jibu refu kuliko ulivyotaka.

Ilikuwa hivi. Msimamizi wetu aliamua kwamba tunanuka sabuni kupita kiasi na tunahitaji hewa safi. Akatuandikisha kwenye matembezi ya Jumamosi: kupita msituni hadi kwenye maporomoko ya maji, kisha kutazama "magofu ya kihistoria". Ndivyo karatasi ya matangazo ilivyosema. Tulikuwa wanawake tisa. Mama Pasi, yule anayenyoosha sare za madaktari, alikuja na viatu vya kisigino kwa sababu aliambiwa kutakuwa na picha. Mimi nilijua vizuri magofu hayo ni yapi. Ningeweza kusema naumwa. Nikajikaza kisabuni, nikaenda. Miaka thelathini na mitatu, nikajiambia, nani atakumbuka?

Njia yenyewe ni ile reli ndogo ya magogo. Wameng'oa vyuma, wakamwaga kokoto, na kila baada ya mwendo kidogo wameweka benchi la kupumzikia. Msitu umerudi, Shangazi. Pale palipokuwa na visiki vitupu enzi zenu, miti imeshikana juu, unatembea kwenye kivuli mwanzo hadi mwisho. Mama Pasi alivua viatu kabla hatujafika hata nusu ya njia, akaendelea na soksi huku akimlaani msimamizi kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia. Tulicheka sana. Sitakudanganya: nilikuwa na furaha.

Maporomoko ni yale yale. Unayasikia kabla hujayaona, kisha unapinda kona moja na maji hayo, yanajitupa kutoka kwenye mwamba mweusi na kukurushia manyunyu usoni. Lile bomba kubwa lililopeleka maji kiwandani limepasuka, limelala kwenye majani kama mnyama aliyekufa.

Na kiwanda, ili nikujibu, kimesimama nusu. Dohani ipo. Ukumbi wa mashine hauna paa, na mti umeota pale karatasi zilipokuwa zikikaushwa. Ofisi yenu ipo, na lile dirisha dogo lenye nondo ulilokuwa ukikaa nyuma yake lipo pia. Wamelipaka rangi nyeupe, wanauzia soda hapo. Chumba cha boila hakina ukuta wa mbele. Hakuna aliyeujenga tena.

Mwongozaji wetu alikuwa mwanamume mchangamfu mwenye kofia pana, mtu anayependa kazi yake. Alitupanga mbele ya chumba hicho, akatabasamu.

"Mabibi, hapa ndipo alipolala mlevi maarufu kuliko wote waliowahi kutokea pande hizi," alisema. "Saa nne asubuhi! Wenzake wanachapa kazi, yeye anakoroma juu ya kuni. Boila likamwita, hakusikia. Likamwita mara ya pili, na safari hiyo mji mzima ukasikia!"

Akakoroma kwa mbwembwe, mkono shavuni, akaruka kama aliyeshtuliwa usingizini. Wenzangu wakavunjika mbavu. Nami nikacheka.

Nimeiandika sentensi hiyo na sitaifuta. Wanane walikuwa wakicheka, sikutaka kuwa wa tisa anayeulizwa ana nini. Nilicheka kwa sauti, Shangazi, meno yote nje. Kisha mwongozaji akashusha sauti kidogo, akataja kwamba watu wanne walikufa, akatuelekeza kwenye soda.

Baba yangu, kaka yako wa tumbo moja, hakuwahi kunywa pombe. Vidonda vya tumbo vilimkataza hata dawa ya kikohozi, aliitema. Wewe unayajua hayo kuliko mimi, wewe ndiye uliyekuwa ukimchemshia uji. Miaka kumi na moja aliyoishi baada ya mlipuko alikaa kwenye kibanda akinoa visu na mikasi kwa mkono mmoja, na watu walimwekea kisu mezani bila salamu, wakarudi kukichukua bila asante. Shuleni mimi niliitwa Binti Chupa. Walimu walisikia na kujifanya viziwi.

Wenzangu walipokwenda kula kando ya maji, mimi nilibaki nimesimama palepale. Mkata tiketi wa langoni akanifuata. Bila shaka unamkumbuka: alikuwa fundi wa mabomba pale kiwandani, mdogo kuliko wote, na mvuke wa siku ile ulimwondolea nusu ya sikio la kushoto. Hadi leo mji mzima unamwita Nusu Sikio.

"Wewe ni mtoto wa mchochea moto," alisema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo."

"Nilikuona ukicheka."

Nikakosa pa kuuweka uso wangu.

"Usijali," akasema. "Mimi nayasikia hayo kila Jumamosi, mara tatu kwa siku, na tiketi nakata."

Nilidhani ameishia hapo. Akavua kofia, akaifinyafinya, kisha akasema maneno ambayo nakuandikia kama yalivyotoka.

"Baba yako hakulala, binti. Vali ya kupunguza mvuke ilikuwa imekwama karibu mwezi mzima. Aliripoti Jumatatu tatu mfululizo, pale dirishani, na mimi nimesimama nyuma yake kwenye foleni. Mara ya tatu karani alimkasirikia. 'Kaka, nimeshaandika! Unataka niandike kwa wino mwekundu?'"

Karani, Shangazi. Kiwanda kizima kilikuwa na karani mmoja tu aliyemwita baba yangu kaka.

Nilimwuliza ripoti hizo zilikwenda wapi. Akaniambia kwamba wachunguzi walipokuja walikuta kitabu kipya, hakina hata kunjo. Karani akawaambia hakuna taarifa yoyote iliyomfikia kuhusu boila. Meneja alikuwa amesimama kando yake. Haukupita mwezi, karani akahamishiwa makao makuu, na nyumba akapewa.

"Na wewe ulisema nini?" nikamwuliza.

"Mimi niliahidiwa kazi isiyo na mwisho." Akaonyesha lango kwa kidole. "Si unaiona?"

Niliporudi kwa wenzangu Mama Pasi aliniambia nimepauka, akanipa chai. Niliinywa. Njia nzima ya kurudi nilitembea nyuma yao, wakadhani ni uchovu.

Sasa nisikilize. Kama ningekuwa mtu mwingine ningesema Nusu Sikio ametia chumvi. Lakini mimi nawasha boila kila siku ya kazi. Najua vali ikikwama inakuwaje: kipimo kinapanda, unagonga bomba, unaita watu. Na mtu aliyelala haungui kiganja. Baba aliungua mkono wa kulia kuanzia ndani ya kiganja hadi kwenye kiwiko, na kwingine kote hakuwa na alama. Mkono huo ulikuwa umeshika kitu. Alikuwa akiifungua vali ile kwa nguvu zake, wenzake wakikimbia. Mimi ndiye niliyekuwa nikiupaka mafuta mkono ule kila asubuhi kabla ya shule, na sikuwahi kujiuliza uliunguaje.

Uhamisho wako tuliuona sifa ya ukoo mzima. Mama aliwaambia majirani kwamba umechukuliwa kwa ajili ya mwandiko wako. Kila Januari kifurushi chako kilifika, viatu vyangu vya shule ndani yake, saizi sahihi kila mwaka. Baba ndiye aliyevipiga rangi kila Jumapili, kwa mkono wa kushoto, hadi ving'ae. Alijua, Shangazi. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya dirisha lile. Alijua ni nani aliyevinunua viatu vile na kwa nini, na akavipiga rangi ili mtoto wake asiende shule peku. Nakumbuka mara moja tu alipokutaja bila kuulizwa. Alikuwa ameishika barua yako, akasema, "Shangazi yako ana mwandiko mzuri sana." Nami kwa ujinga wangu nikadhani anakusifu.

Nimejaribu kukutetea. Nikikunja mashuka nakutafutia sababu. Ulikuwa na watoto wawili wadogo. Mumeo hakuwa na kazi. Meneja alikuwa mtu wa kutisha, watu wanasema hata mbwa wake walimwogopa. Kila sababu ukiitazama peke yake ina maana. Kisha naukumbuka mkono wa kaka yako, na sababu zote zinaniishia mdomoni.

Jumatatu ile niliwaambia wenzangu. Nilingoja mashine zinyamaze, nikasema: yule mlevi tuliyemcheka ni baba yangu, na hakuwa mlevi. Mama Pasi akazima pasi. Msimamizi akaanza kuomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyelipua kiwanda. Kisha yule wa mashine ya kukausha, mtu asiyejua kuzungukazunguka, akaniuliza, "Mbona na wewe ulicheka?" Nikaendelea kukunja shuka lililokuwa mkononi. Mpaka leo swali hilo linanifuata. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kama mtu msafi. Wewe ulinyamaza, mimi nikacheka. Kama kuna tofauti kati yetu, ni kwamba mimi nilicheka dakika moja na wewe umenyamaza miaka thelathini na mitatu.

Siku ya mapumziko nilikwenda kwenye ofisi inayosimamia matembezi hayo. Ni chumba kimoja, meza mbili, na ramani ya msitu ukutani. Bibi aliyenipokea alikuwa na adabu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaandika, akaniambia kwamba maneno ya mwongozaji yanaweza kubadilishwa na kibao kipya kikawekwa mbele ya chumba cha boila, lakini si kwa neno la binti wa mhusika. Anahitaji mtu aliyekuwapo.

Nilimrudia Nusu Sikio. Alinitazama kwa huruma, akasema amebakiza miaka miwili astaafu, na akanikatia tiketi ya bure niingie kutazama maporomoko. Niliichana mbele yake. Baadaye nilijuta. Yeye walau alinifuata akaniambia, na hakuna aliyemlazimisha.

Meneja alishakufa. Wachunguzi sijui waliko. Aliyebaki ni wewe. Nimempa yule bibi jina lako na anwani yako, na sikukuomba ruhusa. Barua yake itakufikia kabla ya mwisho wa mwezi. Ana swali moja tu: je, mchochea moto aliripoti kwamba vali imekwama? Hatakufunga mtu, hatakudai kitu, aliniahidi hivyo na namwamini. Una miaka sabini na moja, Shangazi. Nyumba waliyokupa imeshakuwa yako, watoto wako wamejitegemea. Sijui ni kitu gani kimebaki cha kuogopa.

Ukijibu kwamba aliripoti, nitapanda basi nije nikuone, na tutalia pamoja kadiri tutakavyoweza. Ukijibu kwamba hukumbuki, nitajua kwamba barua hii uliisoma na ukaielewa. Basi hapo usiniandikie tena. Ukiwa na maua mapya, mwandikie jirani.

Mama sijamwambia. Bado anakutaja kwenye sala zake asubuhi na jioni, wewe wa kwanza kabla ya watoto wake mwenyewe. Nikimsikia natoka nje.

Nisalimie mume wako, umwambie nilizipata picha za bustani. Nisalimie binamu zangu wote wawili, yule daktari wa meno na yule asiyekaa mahali pamoja. Wao hawana kosa, na sitaki walisikie hili kutoka kwangu. Wanapaswa kulisikia kutoka kwako. Mdogo wangu naye anakusalimu, amepata mtoto wa kike mwezi wa tano, mzima wa afya. Mungu akupe macho yaone vizuri, na akupe siku za kutosha kutengeneza lililoharibika.

Nimeanza mara mbili kuandika "wako akupendaye", na mara zote mbili nimekata. Labda mwaka huu ukiisha nitaweza kuliandika tena. Kwa leo niache nimalizie na lile ambalo halina shaka.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako.